Maharagwe Kutoka Ghorofa ya Sita

Nimestaafu. Chekeni tu. Najua mnacheka, hasa wewe Brayo unayewasomea wenzako kwa sauti. Mtu wa kidato cha tatu anastaafu nini? Lakini kazi niliyoifanya likizo ile ilikuwa kazi kweli: ilikuwa na wateja, ilikuwa na hasara zake, na sasa siifanyi tena. Sijui kustaafu ni nini zaidi ya hapo. Hakuna aliyenipa saa ya ukutani ya kuniaga.

Nawaandikia nyinyi mliokuwa mkinirudishia mkebe mtupu kupitia ngazi ili mpewe nusu chapati. Juzi niliwaona kwenye roshani ya akina Brayo mkiangusha viatu, mkishindana cha nani kitafika chini kwanza. Nilitaka kuwaambia kitu, nikashindwa, nikaingia ndani. Nyinyi mnanijua. Mkinisimamisha kwenye ngazi nitasema "sijui" na kupita. Kwenye karatasi naongea bila shida, kwa hivyo nisikilizeni hapa.

Kwanza kabisa: kiatu, hapana. Jiwe, hapana. Kitu chochote ambacho hungependa kikuangukie wewe utosini usikiangushe, hata kama huoni mtu chini. Ukiwa ghorofa ya sita, mtu hutokea chini ghafla zaidi kuliko unavyodhani.

Sasa niwaambie ilivyoanza, maana wengine mlikuwa mmeenda ushago kwa babu na nyanya likizo hiyo.

Mama yangu huwapikia mafundi wa karakana iliyo chini ya nyumba yetu hapa Kariobangi, wale wanaochomelea mageti na madirisha. Chapati na maharagwe, kila siku saa ya lunch. Alikuwa akibeba mwenyewe. Halafu siku moja mtu akamwaga maji ya sabuni kwenye ngazi, mama akateleza, mguu ukavunjika. Akawekwa plasta hadi gotini, akaambiwa asishuke. Kupika angeweza, ameketi kwenye stuli na mguu juu ya kreti la soda. Kubeba kukawa juu yangu.

Wengi walidhani nilianza kuangusha chakula kwa sababu ngazi ni nyingi. Si kweli. Ngazi nazipanda na kuzishuka na mtungi wa maji. Nilianza kwa sababu ya mafundi.

Siku ya kwanza nilishuka na sahani. Mafundi ni watano, na mkubwa wao ni Fundi Musyoka, mzee mnyamavu mwenye miwani myeusi. Yule mwenye mdomo anaitwa Otis. Nilipofika tu, Otis akazima mashine.

"Oya, nyamazeni! Leo chapo imeletwa na malaika."

"Malaika gani hasalimii watu?" mwingine akasema.

"Malaika hawasalimii, wanatokea tu. Sista, wewe ni msichana wa Mama Nafula? Mbona unatetemeka, kwani sisi ni polisi?"

Nilitafuta mahali pa kuweka sahani nikaiona pembe ya geti iliyokuwa tambarare, nikaiweka hapo, nikaondoka mbio. Sikujua walikuwa wametoka kuichomelea pembe hiyo dakika ile ile. Sahani ilikuwa ya plastiki. Nilikuwa kwenye ghorofa ya pili niliposikia kicheko, na harufu ikanikuta ghorofa ya tatu.

Usiku ule sikulia, ingawa ndivyo mnavyosimuliana. Niliketi tu nikafikiria njia ya kuwalisha watu watano bila kuonana nao.

Njia ya kwanza ilikuwa kamba na kikapu. Roshani yetu inatazama karakana moja kwa moja, na upande huo hakuna anayeanika nguo kwa sababu ya moshi. Niliteremsha polepole, chapati zote zikiwa ndani. Kikapu kilipofika karakana Fundi Musyoka akahesabu akainua uso.

"Mama Nafula! Leo tumefunga?"

Chapati tatu hazikuwepo. Nikateremsha tena kesho yake huku nikichungulia, na kwenye ghorofa ya tatu dirisha likafunguka, mkono ukatoka, ukachagua ile iliyokaangwa vizuri, ukarudi ndani. Sijawahi kuuona uso wa mkono ule. Ndipo nilipojifunza jambo la kwanza kuhusu mwendo: kinachoteremka polepole karibu na ukuta ni cha kila mtu.

Basi nikaamua kuangusha. Nilifunga chapati kwa gazeti, nikabana na uzi hadi ikawa kama ngumi, nikaachilia. Ilifika upesi sana. Ilifika kwenye boneti ya pikapu ya mteja na kupasuka, na Otis akasema kwa sauti kuwa chapo za leo zina hasira.

Kesho yake nikafikiri, kama ngumi imekuwa na kasi kupita kiasi, nijaribu bila kufunga. Nikashika chapati moja kwa ncha mbili, ikiwa wazi kama sahani, nikaiachia. Jamani. Ilienda kama iliyoitwa. Ikalala upande, ikainuka, ikayumba, ikavuka ukuta wa karakana na kutua kwenye mabati ya kanisa la jirani. Kunguru wakaabudu.

Hapo mnisikilize vizuri, kwa sababu ndicho kitu mlichokuwa mkikosea na viatu vyenu. Ile ngumi na ile chapati iliyofunguliwa zilikuwa na uzito uleule. Unga uleule, mkono uleule wa mama. Moja ilidondoka kama jiwe, nyingine ikasafiri. Kwa hivyo kinacholeta tofauti si uzito peke yake, ni kiasi cha hewa ambayo kitu kinalazimika kuisukuma ili kipite. Kidogo na kilichokazwa hupenya. Kipana hupigana na hewa njia nzima.

Mwalimu wetu wa fizikia alipotufundisha vitu vinavyoanguka alisema, "Hapa tunapuuza hewa." Alikuwa na sababu, hesabu huwa rahisi ukipuuza. Nilitaka kuinua mkono niulize itakuwaje tusipopuuza. Sikuinua. Niliuinua rohoni, ukashuka rohoni. Lakini mimi nilikuwa na maharagwe ya kuteremsha, na hewa ya Kariobangi haikubali kupuuzwa.

Nikachukua leso ya mama ya kichwani, nikafunga nyuzi kwenye pembe nne, nikaning'iniza mkebe mdogo wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko, maharagwe ndani. Nikaisukuma mbali na ukuta kwa fimbo ya kupigia deki, kwa sababu ya ule mkono. Leso ikafunguka, mkebe ukatua karibu na miguu ya Otis bila kumwagika hata tone.

"Wah," akasema. Neno moja tu. Nilirudi ndani nikajilaza sakafuni kwa furaha, na mama akaniuliza kama nimeanguka.

Kuna kitu niligundua siku hizo ambacho sikukisoma popote. Madirisha ya nyumba yetu yamepangwa moja chini ya lingine, umbali sawa. Ukiangusha gunzi la mahindi na kulitazama likipita madirisha, utaona muda kati ya dirisha na dirisha unazidi kuwa mfupi. Linaongeza kasi hadi chini. Lakini mkebe wenye leso huongeza kasi kidogo tu pale mwanzo, halafu hupita madirisha kwa mdundo mmoja. La tano, la nne, la tatu, la pili, kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka. Baadaye mwalimu alieleza kuwa uzito huvuta chini na hewa husukuma juu, na hewa husukuma zaidi kadiri kitu kinavyokwenda kasi, hadi nguvu hizo mbili zinalingana. Zikishalingana kasi haiongezeki tena. Darasa zima lilikuwa likinakili. Mimi nilikuwa nikiona madirisha.

Na kuna bei yake. Hiki ndicho kiini cha kazi yote, kwa hivyo Brayo soma polepole. Ukiongeza kitambaa, mzigo hushuka taratibu na kutua vizuri, lakini unakaa hewani muda mrefu na upepo unapata nafasi ya kuuchukua. Ukipunguza kitambaa, unatua pale pale ulipolenga, ila unatua kwa kishindo. Huwezi kupata vyote viwili. Kila mchana nilichungulia moshi wa muuza makaa ng'ambo ya barabara. Moshi ukisimama wima, kitambaa kipana. Moshi ukilala, kitambaa kidogo, na mayai usijaribu.

Leso ilikuwa ya mzigo mdogo. Kwa watu watano nilikuwa nikiangusha mara nyingi, chakula cha mwisho kikifika kimepoa. Nikaenda sokoni kwa Bi Zena.

Bi Zena hutengeneza miamvuli. Hutoka kwao Majengo kila asubuhi kwa miguu na kuketi kando ya wauza viazi na kopo la njiti za miamvuli iliyokufa. Nilimpenda kwa sababu haulizi maswali. Nilimwambia nataka kitambaa cha mwavuli mkubwa, ule wa wauza simu wa barabarani, bila chuma. Akanitazama, akachomoa kimoja kutoka guniani, akasema, "Chukua. Chuma chake kiliuawa na upepo wa Agosti."

Kilikuwa kitambaa kizuri, chekundu na cheupe. Kasoro yake, nilivyoona mimi, ilikuwa moja. Pale juu katikati, mahali fimbo ya mwavuli hupita, palikuwa na tundu la kuingia ngumi, maana mtu alikuwa amekata pindo lililochanika. Nikawaza: hewa ndiyo inayobeba, na hewa itavuja hapa. Nikakata kiraka kutoka kwa sketi yangu ya zamani ya shule, nikaziba tundu kwa mshono wa mara mbili. Nilijiona fundi.

Siku hiyo kulikuwa na geti jipya karakanani, limelazwa juu ya vigoda, limepakwa rangi ya samawati ambayo ilikuwa bado mbichi. Mwenye geti, mama mmoja kutoka mtaa wa Fedha, alikuwa amesimama kando akilisubiri likauke. Niliona geti. Niliona pia moshi umesimama wima. Nikasukuma mzigo wote mara moja: mkebe mkubwa wa maharagwe na chapati juu yake.

Ulifunguka vizuri. Halafu ukaanza kuyumba. Kushoto, kulia, kushoto zaidi, kama mlevi anayetafuta mlango wake. Hewa iliyonaswa ndani haikuwa na pa kutokea, basi ikawa inamwagika upande mmoja wa kitambaa, kisha upande mwingine, na kila ikimwagika mkebe unarushwa upande wa pili. Kufika dirisha la pili mkebe ulikuwa karibu kulala kifudifudi. Kifuniko kikatoka.

Sitaeleza sana. Maharagwe yalilipata geti lote. Mchuzi na rangi mbichi, mnaweza kufikiria wenyewe.

Halafu Fundi Musyoka akavua miwani yake, akainua uso. Hakupiga kelele, lakini nilimsikia vizuri.

"Mama Nafula. Kesho msishushe kitu. Tutakula kibandani."

Mama alikuwa amesikia kutoka kwenye stuli yake. Chapati ilikuwa kwenye kikaangio na hakuigeuza.

"Riziki yetu hiyo inaenda kula kwingine," akasema. Kisha, "Nafula, shuka uongee nao."

"Mama, siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

Alinitazama. Mama yangu ni Mbukusu wa sauti kubwa, akicheka mtaa unajua. Nadhani hadi leo hajui mimi nilitoka wapi. "Basi," akasema, "mimi mguu, wewe mdomo. Nyumba ina viwete wawili." Akageuza chapati. Ilikuwa imeungua.

Asubuhi nilimpelekea Bi Zena kitambaa. Hakukikunjua chote. Aliona kiraka akaanza kucheka, kicheko cha kifuani kisicho na meno.

"Mwanangu, tundu hili lilikukosea nini?"

"Hewa ilikuwa itoke."

"Ndiyo. Itoke." Akachukua wembe, akaanza kufumua mshono wangu wa mara mbili. "Hujaona miamvuli ya bei, ile ya tabaka mbili juu? Ile ina mwanya. Upepo ukiingia unapata njia, mwavuli haupinduki. Huu wako umeufungia mgeni ndani na mlango umeubana. Si atavunja ukuta?"

Niliondoka na kitambaa chenye tundu. Nilifunga mkebe wenye mchanga, uzito sawa na wa maharagwe, nikajaribu saa nne, mafundi walipoenda kunywa chai na karakana iko tupu. Ulishuka wima. Nikajaribu tena, ukashuka wima, ila upepo mdogo wa chini, ule wa kati ya ukuta na karakana, ukauvuta kando. Upepo huo hauonekani kutoka juu. Moshi wa muuza makaa hauusemi. Kulikuwa na njia moja tu ya kuujua: mtu asimame pale chini, kwenye karakana, atazame vumbi, aseme ni sasa.

Na mtu wa kuachilia kutoka juu angeweza kuwa mtu yeyote. Hata mtu wa mguu mmoja.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda mrefu. Kisha nikavuta stuli ya mama hadi roshani, nikamfundisha kushika fimbo ya deki. Nilipofika mlangoni akasema tu, "Useme kwa nguvu, mimi niko juu."

Nilipoingia karakanani Otis alikuwa wa kwanza kuniona, lakini safari hii hakuzima mashine. Walikuwa wamepoteza asubuhi nzima wakilipiga msasa geti lile. Nilimwendea Fundi Musyoka. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yalitoka haya:

"Naomba kuangusha mara moja tu. Ikimwagika, mle kibandani."

Akanitazama. "Itatua wapi?"

Kulikuwa na chaki yao ya kupimia chuma juu ya meza. Nikaichukua bila kuomba, nikachora duara kwenye saruji, mbali na geti.

"Hapo."

"Na ikitua kwangu?" Otis akauliza.

Sijui ilitoka wapi. "Basi wewe utakula kwanza."

Wakacheka, na safari hii nilijua wanacheka nini. Fundi Musyoka akafunika geti kwa turubai, pande zote, akaweka na matofali kwenye pembe. Kisha akakunja mikono. "Haya."

Nikasimama kando ya duara nikitazama vumbi. Lilikuwa likizunguka zunguka, likakimbilia ukuta, likarudi. Juu kabisa nikaona mama, mdogo, na fimbo. Vumbi likalala.

"Mama, achia," nikasema.

"Nini?" akaita kutoka juu.

"Anasema uachie!" Otis akapaza sauti.

"Hapana, ngoja!" nikamwambia, kwa sababu vumbi lilikuwa limeinuka tena na yeye halijui vumbi. Ilibidi niwe mimi. Nikasubiri. Likalala. Nikavuta pumzi.

"MAMA! ACHIA!"

Mashine ya mwisho ikazimwa. Mwavuli ukafunguka, mwekundu na mweupe, na tundu lake katikati kama jicho. La tano. La nne. La tatu: dirisha likafunguka, mkono ukatoka, ukapapasa hewa, ukakosa. Karakana nzima ikapiga mluzi. La pili. Ulikuja wima, mdundo mmoja, na nikaona kabla ya wote kwamba utatua nje kidogo ya duara.

Ukatua nje kidogo ya duara. Kifuniko kilikuwa mahali pake.

Kulikuwa na kama upana wa viganja viwili kati ya mkebe na chaki, na kila mtu alikuwa akimtazama Fundi Musyoka. Yeye alitazama mkebe, akatazama mstari. Akaufuta mstari ule kwa kiatu, taratibu, mpaka saruji ikawa haina kitu.

"Maharagwe yanapoa," akasema, akaenda kunawa mikono.

Mama hakuweza kuona kutoka juu. Akaita, "Imefika?"

Mafundi wote walinigeukia mimi. Nikainua uso.

"IMEFIKA!"

Kesho yake upepo ulikuwa mbaya tangu asubuhi, moshi wa makaa umelala kabisa. Nilitazama mwavuli, nikatazama mkebe, nikashuka nao kwa ngazi. Otis akaniambia, "Niaje, malaika," nikamwambia poa, tafuta mahali pasipo moto niweke. Siku iliyofuata upepo ulitulia, lakini nilikuwa tayari nimeshafika ghorofa ya nne nilipokumbuka kuwa ningeweza kuangusha.

Mwavuli uko nyuma ya mlango wetu. Brayo, ukiuchukua, mmoja wenu lazima awe chini, na awe yule anayeogopa kupiga kelele. Na tundu msilizibe.